Sura ya Sita: Kwani Bahari Haijisafishi?

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa na watu wa pwani tangu nianze kuandika habari za bahari, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili, nalo huulizwa na wavuvi, na wachuuzi wa samaki, na walimu, na hata na wazee walioishi umri wao wote ufuoni: “Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na bahari haina mwisho, basi uchafu wa mji ukishafika mlangoni mwa mto, si huchukuliwa ukaenda zake?”

Swali hili lina busara ndani yake. Wazee wetu waliijua bahari kwa kadiri ya taka zao, nazo zilikuwa makumbi ya nazi, na magamba ya samaki, na majivu, na makuti yaliyooza. Na vitu hivyo vyote bahari ilivipokea, ikavisaga, ikavila, hata baada ya bamvua mbili tatu isionekane alama yake. Aliyeizoea bahari kwa namna hiyo ana haki ya kuiamini. Lakini taka za leo si zile, na mahali zinapofikia kwanza si katika bahari kuu, bali ni katika tope la mlango wa mto. Na tope lina desturi zake, ambazo asiyezijua hawezi kufahamu kwa nini mahali palipokuwa pakijaa kamba na mkizi pamebaki maji matupu.

Mashapo ni kitu gani?

Mtu aliyepata kukaa barazani jioni akanywa kahawa chungu anajua kwamba kikombe hakimalizwi mpaka chini, kwa sababu chini yamejikalia mashapo, yaani ule unga mzito uliotuama wakati kahawa ilipotulia. Neno hilohilo ndilo tutakalolitumia kwa vitu vinavyotuama chini ya mto na bahari: mchanga, udongo, majani yaliyooza, na chembe za kila namna zinazoletwa na maji. Mto uendao kwa kasi huyabeba mashapo yake. Lakini ufikapo mlangoni, mahali ambapo maji matamu hukutana na maji ya chumvi, kasi yake huvunjika, na mzigo uliochukuliwa kutoka bara huteremshwa hapo. Chumvi nayo ina kazi yake. Chembe za udongo wa mfinyanzi, ambazo katika maji matamu zilikuwa zikisukumana na kuepukana, zikionja chumvi huacha kusukumana, zikashikamana na kufanya mabonge, kama maziwa yanavyokatika yakitiwa ndimu. Na mabonge hayo, kwa kuwa ni mazito, huzama.

Sasa twaa nazi mbili zilizo sawa. Moja ipasue vipande viwili, ya pili ikune kwa mbuzi, kisha zitie zote mbili katika maji yaliyokorogwa bizari. Ile iliyokunwa itakunywa rangi yote, na ile ya vipande itapakwa juujuu tu, ijapokuwa uzito wake ni mmoja; sababu ni kwamba kila chembe ya nazi iliyokunwa ina uso wake wa kushika rangi, na chembe ni elfu nyingi. Ndivyo lilivyo tope la mlango wa mto. Risasi, na shaba, na zinki, na kadimiamu (madini yatumikayo katika baadhi ya betri na rangi), na mafuta ya namna kwa namna, vitu ambavyo aghalabu havitulii ndani ya maji, vikikutana na chembe hizo ndogo huzing'ang'ania, vikazama pamoja nazo. Ndiyo maana maji ya mlangoni yaweza kupimwa asubuhi yakaonekana hayana kosa, ilhali tope lililo chini yake kwa kina cha mkono limejaa vitu vilivyomwagwa na watu ambao wengine wamekwisha kufa.

Simama juu ya Daraja la Selander, Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, uangalie upande wa bara. Mto Msimbazi, uliokwisha kusafiri kilomita zipatazo 35 kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, na Tabata, na Kigogo, na bonde la Jangwani, hufika hapo ukiwa umechoka, na kila kilichotiwa ndani yake njiani, kuanzia maji ya viwanda na machinjio na karakana za magari hadi vyoo vya nyumba zilizojengwa bondeni, huikuta mikoko imesimama kama chujio. Mizizi huzuia mwendo wa maji, na maji yaliyozuiwa huangusha mashapo. Msitu ule mdogo wa michu (aina mojawapo ya mikoko), ambao maelfu ya watu huupita kila siku ndani ya magari bila kuutupia jicho, umekuwa ukipokea uchafu wa mji kwa niaba ya bahari. Naam, maji hutoka. Walakini hayatoki na tope lote, tena mengi ya yale yaliyotoka na kupwa hurudi na kujaa, kwa kuwa maji ya horini hayaendi mbali kabla ya kugeuka.

Kwa ufupi, hadi hapa tumeona mambo mawili: kwamba sumu nyingi hazisafiri na maji bali na udongo, na kwamba udongo huo hutua palepale ambapo mto hukutana na bahari.

Tope jeusi na harufu ya mayai viza

Ukitia jembe katika tope la mikoko utaona rangi mbili. Juu pana utando wa rangi ya kahawia, ambao mara nyingi hauzidi unene wa kidole, na chini yake tope ni jeusi kama wanja, nalo likifunuliwa hutoa harufu ya mayai viza. Wengi hudhani kwamba weusi huo na harufu hiyo ndio uchafu wenyewe, na katika hilo wanalionea tope, kwa kuwa hata katika delta ya Rufiji, mbali na viwanda, tope ni jeusi na linanuka. Maana yake ni kwamba hewa ya oksijeni haifiki chini. Humo huishi bakteria, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambao badala ya oksijeni hutumia chumvi za salfa zilizomo katika maji ya bahari, na pumzi yao ni ile gesi inukayo, iitwayo hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo udongoni hufanya kitu cheusi, na hapo ndipo itokapo rangi.

Na ajabu ya Mwenyezi Mungu ni hii, kwamba salfa ileile inayotufanya tuzibe pua huzishika pia shaba, na zinki, na risasi, na kadimiamu, ikazifunga katika hali isiyoyeyuka, hata viumbe walio karibu wasidhurike sana. Maadamu tope limelala katika giza lake, sumu hizo zimo kifungoni. Lakini kifungo hicho kina ufunguo, nao ni hewa. Tope likifukuliwa, ama kwa mashine ya kuongeza kina cha bandari, ama kwa mafuriko, ama kwa mkono wa mtu aliyekata mikoko akaliacha wazi mbele ya mawimbi, oksijeni huingia, salfa hubadilika, na madini yaliyokuwa yamefungwa huachiwa majini. Kaa na nyungunyungu wa baharini nao, ambao kazi yao ni kuchimba mashimo, huingiza hewa kidogo kidogo kila siku, na kwa hiyo hujifungulia wenyewe mlango wa sumu itakayowadhuru. Jambo ambalo kila nikilifikiri huniuma, kwa maana kuchimba kwao huko ndiko kunakoisaidia mizizi ya mikoko kupata pumzi na kuufanya msitu ustawi.

Wanaokula tope, na wanaowala hao

Kamba hutaga mayai yao katika maji ya nje, lakini watoto wao huingia mikokoni kulelewa. Na samaki wengi tuwalao hupitisha huko utoto wao, kwa sababu chakula ni tele na maadui wakubwa hawafiki. Na chakula hicho, ukikitafuta asili yake, utakikuta ni tope: mabaki ya majani, na bakteria waliomo juu yake, na mwani mdogo mno unaoota juu ya utando ule wa kahawia. Mkizi hulivuta kwa kinywa chake, akalichuja, akatema mchanga. Tondo hutambaa juu yake akila. Kaa huliokota kwa gando, tonge baada ya tonge. Sumu basi huwaingia viumbe hawa kwa njia tatu:

- Kwa kinywa, kwa wale wanaomeza mashapo, ambao tumbo lao huyeyusha kile ambacho maji hayakuweza kukiyeyusha.
- Kwa matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, hususan kwa chaza na kombe, ambao kila mmoja huchuja maji mengi sana kwa siku na kubakiza chembe.
- Kwa mayai na vichanga vinavyolala juu ya tope au ndani yake, wakati ambapo mwili haujapata kinga yoyote.

Madhara yake mara nyingi si kifo cha ghafla. Samaki hukua nusu ya kimo chake, mayai hayaanguliwi, kamba husita pale alipopaswa kuruka. Mvuvi huona tu kwamba wavu umekuwa mwepesi, akalaumu wenye nyavu za macho madogo, na lawama hiyo huenda ikawa ya haki, lakini si yote.

Upo mfano mmoja ambao napenda kuusimulia kwa sababu huwashangaza wasikilizaji. Katika mto Hudson, Marekani, ambao hufika baharini penye mji wa New York, iko hori ndogo iitwayo Foundry Cove, ambamo kiwanda cha betri kilimwaga kadimiamu na nikeli kuanzia mwaka 1953 hadi 1979. Wataalamu waliolichunguza tope lake waliwakuta nyungunyungu wengi, wazima kabisa. Na walipowatwaa wengine wa jinsi ileile kutoka mahali safi wakawatia katika tope hilo, wageni hao walikufa. Kumbe wale wenyeji walikuwa wazao wa wachache waliojaliwa tabia ya kustahimili, ambao huifungia kadimiamu ndani ya miili yao isiwaue. Mwenye kusikia hayo yamkini atafurahi, akasema kwamba maumbile yamejitibu. Lakini kamba wadogo waliolishwa nyungunyungu hao walipoteza wepesi wao wa kukamata mawindo, kwa kuwa kinga ya mliwa iligeuka kuwa sumu ya mlaji. Na hori iliposafishwa katikati ya miaka ya 1990, ustahimilivu ule ulififia katika vizazi vichache tu, dalili kwamba kuishi na sumu, hata kwa aliyeweza, kulikuwa na gharama kubwa.

Zebaki: kisa cha Minamata

Kuliko madini yote niliyoyataja, zebaki ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ni yale madini ya majimaji yaliyomo katika vipimajoto vya zamani, na ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huyatumia kukusanyia chenga za dhahabu. Madini mengine, tope likishayafunga, aghalabu hutulia; lakini zebaki ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria walewale wa salfa waweza kuigeuza iwe kitu kingine, kiitwacho methilizebaki, ambacho huingia mwilini kwa wepesi na hutoka kwa taabu. Mwani huwa nacho kidogo. Mdudu alaye mwani hukusanya cha mwani wote aliokula. Samaki mdogo hukusanya cha wadudu wote. Na samaki mkubwa, na ndege, na mtu, hukusanya cha wote waliotangulia. Kila ngazi ya ulaji huongeza.

Huko Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, na humo methilizebaki ilitoka moja kwa moja kiwandani, isingoje hata kazi ya bakteria. Wa kwanza kuonekana walikuwa paka, ambao walikula mabaki ya samaki, wakayumba na kuzunguka kama wenye kucheza ngoma, wakafa. Kisha wakafuata watu: mikono ikatetemeka, maneno yakakwama ulimini, macho yakapoteza kuona pembeni, na wanawake waliokuwa hawana maradhi ya kuonekana wakazaa watoto ambao ubongo wao ulikuwa umekwisha kuharibiwa tumboni. Maradhi hayo yalitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Ilipita miaka 12 kabla serikali haijakiri, mwaka 1968, kwamba chanzo chake ni kiwanda.

Watu wengi hukiishilizia kisa hapo, nami naona hapo ndipo sehemu yake ya pili inapoanza. Mfereji wa kiwanda ulipokauka, zebaki ilikuwa bado imelala chini ya ghuba, katika tope ambalo mahali pengine lilikuwa na kina cha meta kadhaa. Bahari ya Minamata nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku, kama yetu, na kwa miaka yote hiyo haikulichukua. Ikalazimu binadamu wafanye kazi ambayo mawimbi hayakuifanya: kuanzia mwaka 1977 hadi 1990 tope lipatalo meta za ujazo milioni 1.5 lilifyonzwa na kufukiwa, na sehemu ya ghuba ikageuzwa nchi kavu ya hekta 58. Nyavu zilizotandwa mlangoni ili samaki wa ndani wasitoke hazikuondolewa hadi mwaka 1997, miaka 29 baada ya tone la mwisho.

Rangi ya meli, na mafuta ya Mombasa

Si kila sumu hutoka mjini. Nyingine huja na vyombo. Kwa miaka mingi meli zilipakwa chini rangi yenye kiungo cha bati kiitwacho tributilitini, ili kombe na mwani wasiote juu ya mbao na chuma. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, chaza wakaacha kuzaa vichanga vilivyoweza kuishi, na magamba yao yakanenepa vibaya. Na konokono wa baharini wa kike, penye mashua nyingi, wakaota viungo vya kiume. Kiasi kilichotosha kufanya hivyo kwa konokono ni gramu 1 katika lita bilioni 1 za maji. Ufaransa iliipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka 1982, na marufuku ya dunia nzima ikaanza kutumika mwaka 2008; lakini katika tope la bandari kiungo hicho huweza kudumu miaka mingi sana.

Kuhusu mafuta, watu wa Mombasa hawahitaji mfano wa ng'ambo. Mwaka 1988 tangi la mafuta mazito lilitobolewa, na takriban tani 5,000 zikamwagika zikaingia katika hori ya Makupa na Port Reitz. Na mwaka 2005 meli ya mafuta ikavuja tena katika bandari ya Kilindini. Mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni kama vidole, nayo ina vitundu vidogo vya kuingizia hewa hadi kwenye mizizi iliyozikwa katika tope lisilo na oksijeni. Mafuta yakipaka vidole hivyo, mti huzibwa pua. Hukauka umesimama. Kisha mafuta hupenya katika mashimo ya kaa, yakashuka chini mahali ambapo hakuna hewa ya kuwawezesha bakteria wa kuyala kufanya kazi yao upesi, na huko yakakaa. Ndiyo sababu miche inayopandwa juu ya tope la namna hiyo mara nyingi hufa, ijapokuwa mpandaji amefanya kila alichoelekezwa.

Je, samaki wa mlangoni aliwe?

Swali hili hufuata daima, na jawabu langu hutofautiana kwa jinsi ya kiumbe. Samaki wapitao, waliokuja na maji na kuondoka nayo, aghalabu hawana hatari kubwa, isipokuwa penye zebaki. Lakini chaza na kombe waliookotwa penye mlango wa mto wa mji mkubwa mimi sili, wala simshauri mama mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga kuwala, kwa kuwa wao hukaa mahali pamoja maisha yao yote wakichuja kilichopo. Ieleweke pia kwamba kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini hakuondoi madini. Risasi iliyoingia ndani ya nyama ya kombe hutoka jikoni kama ilivyoingia.

Kulifukua au kuliacha?

Kuziba mfereji uletao sumu ndiyo kazi ya kwanza, na hapo wataalamu hawana hitilafu. Hitilafu huanza juu ya tope lililokwisha kuchafuka. Kulifukua huondoa sumu, lakini hufungua kile kifungo cha salfa, na huhitaji mahali salama pa kulitupa. Kulifunika kwa mchanga safi ni nafuu, ila mkondo wenye nguvu huweza kuufunua mchanga. Kuliacha lifunikwe na mashapo mapya ya mto huwezekana pale tu ambapo mashapo hayo mapya ni safi, sharti ambalo Msimbazi wa leo hauwezi kulitimiza. Mimi naona kwamba penye zebaki nyingi na watu wanaovua, tope lifukuliwe kwa hadhari kama ya Minamata, na penginepo lisiguswe kabla halijapimwa.

Nayasema haya nikiifikiria hori ya Makupa. Barabara ya kifusi iliyounganisha kisiwa cha Mombasa na bara ilikuwa imeukata mwendo wa maji katika hori hiyo, na ukingoni mwake jalala la Kibarani lilipanuka mwaka baada ya mwaka hadi lilipofungwa mwaka 2018. Mwaka 2022 daraja likafunguliwa mahali pa kifusi, na maji yakapata njia ya kupita tena, jambo jema nililolitamani kwa muda mrefu. Lakini maji yakianza kukimbia mahali palipotuama kwa miongo mingi, tope huamka. Kulipima kwataka mtumbwi, na bomba, na watu wawili wenye nguvu, na maabara: maji yakikupwa bomba hushindiliwa wima, huzibwa juu na kuchomolewa na tabaka zake zikiwa kama zilivyolala, kisha kila tabaka hukatwa na kupimwa peke yake, kuanzia ile laini ya juu iliyoletwa na mvua za mwaka uliopita, kupitia ile yenye mafuta ya mwaka 1988, hadi ile ya chini kabisa, iliyotuama kabla mkokoteni wa kwanza wa taka haujafika Kibarani.